Mgeni aliyejitajia bei: hoteli ya Baba pale Sakina, enzi za ku-bid vyumba mtandaoni

Wakuu, poleni na majukumu ya wiki.

Nimesoma uzi wa jamaa anayeuliza namna ya kupata hoteli ya bei nafuu mjini kwa kutumia websaiti za ku-bid. Nikaanza kumjibu kulekule, jibu likawa refu, nikaona bora nilete uzi wangu.

Haya yametokea nyumbani kwetu nikiwepo. Majina nimebadilisha, mengine ni kama nilivyoyaona. Atakayesema ni chai, nimetunga, aseme tu, ila najua humu wamo watu wa Sakina watakaonikumbuka.

Sisi ni Wachaga wa Machame, lakini mimi nimezaliwa na kukulia Arusha. Niiteni Aichi. Baba alikuwa fundi kwenye kiwanda kimoja cha umma. Ile miaka viwanda vya serikali vinauzwa kwa wawekezaji, cha kwao nacho kikauzwa, watu wakapunguzwa, na yeye akiwemo.

Vijana wa humu neno "ubinafsishaji" mmelisoma darasani. Sisi lilikaa mezani kwetu, tukala nalo.

Baba akachukua kiinua mgongo chake, akamalizia nyumba tuliyokuwa tumeianza Sakina, karibu na barabara ya Nairobi. Ila badala ya kuhamia yote, sisi tukabanana nyuma, vyumba vya mbele akavifanya vya wageni.

"Utalii umefunguliwa, Mama Aichi," alimwambia Mama. "Wazungu wanashuka na ndege kila siku. Lazima walale mahali."

Kibao alikichora mwenyewe kwa rangi ya mafuta. Akaandika HOTELI.

Mama akasema, "Hoteli ni pale penye chai na chapati. Hii ni gesti."

"Ni hoteli," Baba akasema. Ikawa hoteli.

Wazungu hawakuja, wakuu. Walishuka uwanja wa ndege wa KIA, wengine wa Kisongo, wakapelekwa hoteli za katikati ya mji, kesho yake wako mbugani. Sakina waliiona kupitia kioo cha gari tu.

Waliokuja kwetu ni madereva, mafundi wanaosubiri spea kutoka Nairobi, na wale wa chumba cha saa moja. Mnaojua biashara ya gesti mnajua hao wa saa moja ndio wanaolipa umeme. Lakini Baba alikuwa mzee wa kanisa. Akija mtu na mwenzake hana hata begi, Baba anatoka mwenyewe mapokezi.

"Karibuni. Huyu ni mkeo?"

"Ndiyo mzee."

"Hongereni sana. Ndoa mlifungia kanisa gani?"

Hapo jamaa anakumbuka amesahau kitu kwenye gari. Hakurudi hata mmoja.

Basi vyumba vikakaa vitupu. Mama anafua mashuka ambayo hayajalaliwa, kwa sababu ya vumbi la barabarani. Tajiri mmoja wa mabasi akaanza kupita, anataka kukodi nyumba yote aifanye stoo ya matairi. Alikuja mara ya kwanza akacheka kibao. Mara ya pili hakucheka, alipima ukuta kwa hatua. Baba akamwambia atampa jibu masika yakiisha.

Sasa tuje kwenye mtandao.

Mimi nilikuwa nimemaliza form six, niko nyumbani. Rafiki yangu Zuhura alikuwa anafanya kazi intaneti kafe moja mjini. Kwao ni watu wa Tanga waliohamia Arusha zamani, baba yake ana duka la vitambaa. Jamani, mnazikumbuka zile kafe? Kompyuta zimetenganishwa kwa mbao kama vibanda vya kupigia kura. Unalipia nusu saa, ukurasa ukija kufunguka umeshamaliza soda. Feni inazunguka, na kuna mtu pembeni anamwandikia mchumba wa Ujerumani kwa kidole kimoja.

Zuhura ndiye aliyenionyesha ile websaiti. Siyo hizi kubwa mnazozijua. Ilikuwa ya kampuni ndogo ya nje, imeshakufa siku nyingi.

Ilikuwa hivi. Msafiri anaandika mji anaokwenda, siku zake, aina ya chumba, na bei anayotaka yeye kulipa. Haioni hoteli, na hoteli haimwoni. Ombi linatumwa kwa hoteli za mji huo. Ya kwanza kukubali ndiyo inampata, pesa inakatwa kwenye kadi yake, hapo ndipo kila mmoja anajua jina la mwenzake.

"Hoteli kubwa zinajiandikisha kimyakimya," Zuhura akaniambia. "Hazitaki watu wajue zinashusha bei msimu wa mvua. Na nyinyi jiandikisheni, nani atajua mko Sakina?"

Nikajiandikisha kwa jina la Baba.

Siku ombi la kwanza lilipoingia, nilimleta Baba mjini. Alivaa koti. Akakaa mbele ya kompyuta kama mtu aliyeitwa benki.

"Andika," akaniambia. "Ndugu mteja, Bwana Yesu asifiwe. Natumaini u mzima wewe na familia yako..."

"Baba, hapa hakuna pa kuandika. Kuna kukubali, kukataa, au kumtajia bei nyingine."

"Mtu anakuja kulala nyumbani kwangu, na simsalimii?"

"Ndivyo ilivyo, Baba."

"Na yeye hajui jina langu, hajui nyumba yangu, ila bei yangu anaijua?"

Zuhura akajifanya anafuta meza, kumbe anacheka.

"Kataa," Baba akasema.

Akakataa na lililofuata. Na lililofuata. Nauli yetu ya kwenda na kurudi ikawa ndiyo gharama pekee ya ile hoteli.

Aliyelimaliza ni Mama. Alikuwa anakunja mashuka, hata hakugeuka. "Baba Aichi, vitanda vinalala peke yake."

Ombi la mara ile Baba akalikubali.

Lilikuwa la chumba cha mtu mmoja, wiki nzima, katikati ya masika. Bei yenyewe Zuhura alipoiona akaguna. "Mzee, hii ni ya chini mno." Lakini Baba alikuwa ameshaamua. Jina likatokea: G. Samuel, kutoka Kanada.

"Mkanada," Baba akasema tukiwa njiani kurudi. "Huyo hawezi kuwa mtu wa saa moja."

Wakuu, nyumba ilisafishwa kama ya harusi. Mama akanunua kornifleksi, kitu ambacho hatujawahi kula. Akauliza kwa majirani zinaliwa na nini. Baba alikuwa anazunguka uani anajifunza, "You are most welcome, Mister Samuel," mpaka na mimi nikaikariri.

Teksi ikaingia mvua ikinyesha. Mlango ukafunguka.

Akashuka baba mmoja mweusi, mrefu, umri wa Baba au kumzidi kidogo, koti la mvua na begi dogo la mkononi.

Baba ameshajiandaa, hawezi kurudi nyuma. "You are most welcome, Mister Samuel."

Yule mgeni akamtazama, akamtazama tena. "Asante, mzee mwenzangu. Habari za hapa?"

Kiswahili kilikuwa cha zamani kidogo, na kilikuwa na lafudhi ya Kimeru. Sisi wa Arusha hatuhitaji kuambiwa. Hakutoka Kanada yule, alitoka hapo juu mlimani Meru.

Mama alikuwa mlangoni na bakuli la kornifleksi. Akaingia nalo ndani kimya kimya.

Mzee huyu nitamwita Gadi.

Sasa Mzee Gadi akawa hatoki. Asubuhi anavaa vizuri, koti, viatu vimefutwa. Nikipeleka chai namkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Mchana yuko vilevile. Jioni anavua viatu. Kesho yake vivyo hivyo.

Mara moja alinisimamisha kwenye korido.

"Binti, watu wa mlimani, wa kule Nkoaranga, wanapita sana hapa?"

"Hapana baba. Huku ni barabara ya Nairobi, wao wanashukia upande wa Moshi."

Akapumua.

Mama hakupenda. "Huyu mtu anajificha," alimwambia Baba jikoni. "Unamlaza nani humu ndani? Kesho polisi wakija utawaambia nini?"

"Ameshalipa."

"Umemwuliza hata anatafuta nini Arusha?"

Baba hakuwa amemwuliza. Kwa jinsi nilivyomjua, hilo lilimkera. Mtu aliyetaka kumsalimia mgeni kwenye kompyuta, mgeni yuko chini ya paa lake na hajamwuliza habari.

Akaenda kumgongea. "Mzee mwenzangu, leo huli chumbani. Utakula na sisi."

Mama alikuwa amepika machalari, ndizi na nyama. Tulikaa wanne mezani, mvua inapiga bati, ni mchana lakini taa imewashwa. Mgeni alikula kijiko cha kwanza, akaweka kijiko chini. Tukadhani chumvi.

"Ndizi hizi umenunua kwa nani?" akamwuliza Mama.

"Kwa kina mama wa Nkoaranga, sokoni."

Halafu akaanza kusema bila mtu kumwuliza.

Alikuwa mtoto wa kwanza kijijini kwao kwenda kusoma ng'ambo. Watu walichanga pesa za kahawa, wakamfanyia ibada, wakamsindikiza mpaka barabara kuu. Alipofika kule masomo yalimshinda mwaka wa pili. Akaona aibu kusema. Akaandika nyumbani kwamba anaendelea vizuri, halafu kwamba amekuwa injinia. Ukweli alikuwa anafagia, baadaye akaendesha malori, baadaye kiwanda. Hatimaye akaacha kuandika kabisa. Zaidi ya miaka thelathini. Kiwanda kikafungwa, akabaki na chumba cha kupanga. Ndipo akakutana na kijana wa Arusha aliyewajua watu wa kwao, akamwambia, "Mama yako bado yupo, ila amedhoofu, na anakutaja."

"Tiketi imemaliza kila kitu," akasema. "Nikatafuta hoteli ya mjini ninayoiweza. Nikaona hiyo ya kutaja bei mwenyewe. Nikasema hii ndiyo yangu. Hainijui, siijui."

Baba akauliza, "Na nyumbani?"

"Kila anayerudi kutoka nje anarudi na kontena. Mimi nitapanda na hili begi? Teksi imetoka KIA, imepita njia panda ya kwetu, niliinamisha kichwa mpaka tulipoipita. Kila asubuhi navaa nasema leo. Miguu haitoki."

Mimi niliangalia sahani.

Halafu Baba akasema kitu ambacho sikuwahi kukisikia.

"Mimi siku walipotuita kiwandani wakatuambia kazi imekwisha, sikusema hapa nyumbani. Niliendelea kuvaa ovaroli kila asubuhi. Nachukua chakula changu, naaga, naenda kukaa kando ya mto Themi mpaka saa za kutoka kazini. Nilikaa hivyo muda mrefu. Mke wangu huyu hajui mpaka leo."

"Nilijua," Mama akasema.

Baba akageuka.

"Ovaroli ilikuwa inarudi safi," Mama akasema. "Miaka yote nafua grisi, ghafla hakuna grisi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri uchoke."

Wakuu, sijui niwaelezeje uso wa Baba. Alitaka kukasirika, akashindwa, akaanza kucheka, na macho yamejaa. Mzee Gadi naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aje. Mama akawaongeza chakula wote wawili kama hajasema kitu.

"Kesho tunapanda," Baba akasema. "Wote."

Kuna mkuu hapa chini ameuliza kama tulirudisha pesa yake. Nakuja, subiri.

Asubuhi tukaazima Land Rover ya fundi jirani, na fundi mwenyewe akaendesha. Mama akaweka sukari, majani ya chai na blanketi jipya, lile alilokuwa amelinunua kwa ajili ya hoteli.

"Siwezi kubeba vitu vyenu," Mzee Gadi akasema.

"Ni vya mama yako, siyo vyako," Mama akamjibu. "Shika."

Baba alivaa suti yake ya kanisani, nyeusi, na tai. Alisema huwezi kumpeleka mtu kwao umevaa kama unaenda gereji. Mzee Gadi alikuwa na koti lake lilelile la mvua.

Njia ya kupanda ilikuwa tope tupu. Migomba imeinama, mifereji imejaa, harufu ya kahawa mbichi na moshi wa kuni. Mzee Gadi alikuwa anataja vitu kwa sauti ndogo: hapa palikuwa na shule, hapa palikuwa na mti, huyu alikuwa na ng'ombe mkali. Kadiri tulivyopanda ndivyo alivyopunguza kusema.

Bibi alikuwa barazani anachagua maharage kwenye ungo. Mdogo, amejifunga kitenge mabegani. Macho hayaoni vizuri. Kuna mjukuu alikuwa ametangulia kumwambia mwanao amekuja.

Akasimama. Ungo ukaanguka, maharage yakamwagika. Akaja moja kwa moja mpaka kwa yule mwanamume mwenye suti na tai, akamkumbatia kiunoni, akalia kwa Kimeru.

Alimkumbatia Baba.

Baba alisimama kama nguzo. Aliinua mikono, hajui aiweke wapi. Mwisho akamwekea mkono kichwani, taratibu, akainama.

"Mama. Mimi siye. Wako ni huyu."

Akamgeuza kwa mabega, polepole.

Bibi akamfikia Mzee Gadi. Akampapasa uso, akapitisha vidole nyuma ya sikio, akatafuta kitu pale, nadhani kovu la utotoni, akakipata. Akampiga kofi la begani, siyo la mchezo. Kisha akamshika koti kwa mikono miwili, hakuliachia tena.

Watu wakawa wamejaa uani. Ndugu mmoja wa Mzee Gadi alizunguka nyuma ya Land Rover, akachungulia.

"Mizigo mingine inakuja lini?"

Baba alikuwa karibu naye.

"Hakuna mizigo," Mzee Gadi akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Shule sikumaliza. Injinia sikuwa. Kazi nimeachishwa. Nilichonacho ni hiki mnachokiona."

Unasikia maji yanachuruzika kwenye migomba tu. Mzee mmoja, nadhani alikuwa mmoja wa waliochanga, akatikisa kichwa akaangalia pembeni.

Bibi akasema kitu kwa Kimeru. Mjukuu akatutafsiria mimi na Mama.

"Anasema mpeni kiti. Amesimama muda mrefu."

Kikaletwa kigoda. Akakaa. Ndipo alipolia.

Sisi tulirudi Sakina bila yeye.

Sasa kuhusu pesa. Ile websaiti haikuwa na namna ya kurudisha, na Mzee Gadi mwenyewe alikataa kusikia habari hizo. Basi Baba alikifunga kile chumba. Walitokea wateja wawili wa kweli ndani ya zile siku, vyumba vingine vina mafundi, hicho kimekaa kitupu, akawaambia kimejaa. Mama akamwuliza una akili? "Wiki haijaisha," akasema. "Ni chumba cha mtu."

Na tajiri wa mabasi alipokuja kuchukua jibu, Baba alimkaribisha chai, akamwambia hapana.

Hoteli ilitembea, tena kwa miaka. Siyo utajiri, lakini vitanda havikulala tena peke yake. Nilizoea ku-bid mpaka nikawa najua msimu gani watu wanataja bei gani. Watalii wa begi la mgongoni ndio waliotupenda. Wakitaka kuona kahawa na migomba tunawapeleka kwa Mzee Gadi, anawazungusha mlimani kwa Kiingereza chake kizuri. Hakurudi Kanada. Baadaye ile websaiti ikafa, zikaja kubwa zinazotaka picha na nyota, Baba akazeeka, tukaacha. Baba ameshatangulia. Pale sasa ni duka la spea.

Ila kuna siku moja nataka niiandike kabla sijafunga.

Masika yalipoisha, Jumapili baada ya ibada, Mzee Gadi alikuja Sakina na mama yake. Bibi alikuwa hajashuka mjini siku nyingi. Tukadhani amekuja kushukuru. Alishukuru, ndiyo, lakini alitaka jambo lingine.

"Nionyesheni chumba alichokuwa anakaa."

Tukampeleka. Akaingia polepole, akabonyeza godoro kwa kiganja. Akagusa meza, akagusa ukuta. Akaenda dirishani, akaomba pazia lifunguliwe. Lile dirisha lilitazama Meru, na siku hiyo kulikuwa kweupe, mlima umesimama wote mpaka kileleni. Sijui yeye aliuona kiasi gani. Alielekeza uso tu.

"Ulikuwa unauona?" akamwuliza mwanawe. Safari hii alisema Kiswahili, nafikiri alitaka na sisi tusikie.

"Hapana, mama. Siku zile zote ulikuwa umefunikwa na mawingu."

Bibi akaendelea kutazama nje.

"Nami nilikuwa hukohuko," akasema.

Akaketi kitandani, akaomba chai.

Nilichojifunza, wakuu. Kwa yule aliyeuliza: ku-bid kunafaa, hasa msimu wa mvua na kwa hoteli za nje kidogo ya mji. Anza chini, panda kidogo kidogo, na usitoe kadi kabla hujasoma masharti ya kurudishiwa pesa. Na wenye hoteli, mgeni akishafika mwulizeni habari za atokako hata kama ameshalipa. Sisi tulichelewa kumwuliza wetu.

Wa Arusha mnaozikumbuka kafe zile na websaiti zile, shusheni zenu hapa chini, nina hamu ya kusoma.

Na kama unausoma uzi huu ukiwa umelala hotelini, mji uleule walipo watu wako, unamjua unayemkwepa. Vaa viatu, nenda.